Ni Ushahidi Gani Utakaomtosha Mwenye Shaka?

Ndugu msomaji, twataka kukueleza jambo lililotokea katika darasa letu, kisha tukuombe ulitafakari pamoja nasi, kwani hatudhani kuwa jambo lenyewe ni letu peke yetu.

Usiku mmoja, baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa tukisoma mlango wa sifa za Mwenyezi Mungu. Kijana mmoja wa skuli ya sekondari, ambaye kwa muda wa miaka mitatu hakukosa kuhudhuria ila kwa udhuru, aliinua mkono akasema: “Wazee wangu, niwieni radhi. Lau nitakutana na mtu asiyeamini kabisa, akanitaka nimletee ushahidi kwamba Mungu yuko, nimpe ushahidi gani ambao hataweza kuukataa?”

Mmoja wetu alimkatiza kwa ukali. Alimwambia kuwa huo ni wasiwasi wa shetani, na kwamba ni wajibu wake atubu na atamke shahada upya. Sisi wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ni kumuunga mkono aliyekemea. Kijana aliinamisha kichwa, akangoja adhana, akasali pamoja nasi, kisha akavaa viatu vyake akaenda zake. Darasa lililofuata hakuja, wala la pili, wala la tatu. Haya tunayoyaandika ni jawabu tuliyopaswa kumpa usiku ule.

Jambo la kwanza tunalotaka lijulikane ni kwamba kuuliza si kukufuru. Nabii Ibrahim mwenyewe, baba wa Mitume, alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kuwa anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukaripiwa, aliamrishwa achukue ndege wanne, na akaonyeshwa. Na masahaba walimjia Mtume wetu wakamshitakia kwamba hupatwa na mawazo mazito ambayo hawathubutu kuyatamka kwa ndimi zao. Naye hakuwafukuza barazani, bali aliwabainishia kuwa kule kuchukizwa kwao na mawazo hayo ndiyo imani iliyo wazi. Na Imam Ghazali, ambaye vitabu vyake vimejaa katika misikiti yetu, ameeleza katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake kwamba ilimpitia shaka kubwa iliyodumu karibu miezi miwili, hata hakuweza kuyaamini macho yake wala akili yake. Basi ikiwa Ghazali alitia shaka na bado tunamwita Hoja ya Uislamu, kwa nini kijana wa miaka kumi na saba asipewe nafasi ya kuuliza?

Sasa tuliangalie swali lenyewe. Anayetaka ushahidi hana budi aulizwe kwanza: ushahidi wa namna gani ungekutosha? Kwani ikiwa hajui anachokitafuta, hatakijua hata kikiwa mkononi mwake.

Wengi wakiulizwa hivyo hujibu kwamba wanataka ishara ya kuonekana kwa macho. Alikuwako mwanafalsafa wa Marekani, Norwood Russell Hanson, aliyefariki mwaka 1967, ambaye hakuamini kuwako kwa Mungu, na aliandika waziwazi nini kingemfanya abadili rai yake. Alisema kwamba lau siku moja mbingu zingepasuka kwa ngurumo, kikatokea kiumbe kikubwa mno chenye nuru, watu wote wakakiona, nacho kikamwita yeye kwa jina lake na kumwambia kuwa Mungu yuko, basi angeamini bila ya shaka. Twamshukuru bwana huyu kwa uwazi wake, kwani wengi hukataa bila ya kusema wanakataa nini. Lakini tuyapime maneno yake. Hicho ambacho angekiona ni nini? Ni kiumbe kikubwa. Kina urefu na upana, kina mahali na wakati. Na kitu chenye urefu na upana, hata kikijaza mbingu, si yule ambaye sisi twamwamini. Kwa hivyo ushahidi alioutaka, lau angeupata, ungethibitisha kuwako kwa kitu kingine.

Wala matakwa haya si mapya. Makureshi walimtaka Mtume awachimbulie chemchemi, awe na bustani ya mitende na mizabibu, aziangushe mbingu vipande vipande, au apande juu na kuwateremshia kitabu wakisome. Qurani imeyataja matakwa yao moja baada ya moja, na jawabu aliloamrishwa Mtume alitoe ni kwamba yeye ni binadamu aliyetumwa. Kwa nini hawakupewa? Tukiitazama hali ya watu tutaona hekima. Bani Israili waliiona bahari ikipasuka, wakapita kwa miguu yao wenyewe, na kabla ya muda mrefu wakamwabudu ndama. Jicho huona, na siku ya pili akili huanza kujiuliza kama jicho halikukosea. Ghazali ametoa mfano wa nyota: jicho huiona ndogo kama dinari moja, na hali hesabu za wanajimu zathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Jicho ni shahidi mwema katika mambo ya soko na barabara, lakini katika jambo hili si kadhi.

Wanazuoni wa ilimu ya tauhidi wametufundisha kwamba ujuzi wa binadamu huingia kwa milango mitatu: hisia zilizo timamu, habari ya kweli, na akili. Mlango wa kwanza tumekwisha kuuona. Mlango wa pili ni habari. Wengi wetu hatujafika China, lakini hatuna shaka kwamba China iko, kwa kuwa walioiona na kutusimulia ni wengi hata haiyumkini wamekula njama ya kutudanganya. Je, twaweza kumwambia mwenye shaka kuwa Mungu yuko kwa sababu watu mamilioni wasema yuko? La, hatuwezi, na wanazuoni hao hao ndio waliotukataza, kwani wameweka sharti kwamba habari ya wengi huleta yakini pale inapokuwa juu ya jambo walilolihisi, sio juu ya jambo walilolifikiri. Watu wengi waliwahi kuafikiana kwamba jua huizunguka dunia, na maafikiano yao hayakulisogeza jua hata shibiri moja. Basi umebaki mlango wa tatu, nao ni akili.

Hoja ya akili inayojulikana zaidi kwetu ni ile ya mjenzi na jengo. Tazama magofu ya Gedi, karibu na Malindi. Hapana mtu aliye hai aliyeuona mji ule ukiwa na watu. Ulihamwa yapata karne ya 17, na kuanzia mwaka 1948 James Kirkman alisimamia kuuchimbua. Zilipotokea kuta za matumbawe, na msikiti mkuu wenye mihrabu, na visima, hakusema mtu yeyote kwamba mawe yale yalipangwa na mvua. Athari humwonyesha mwenye athari. Na aliyeisoma dunia hii, jinsi mchana unavyofuatana na usiku, na jinsi Kaskazi na Kusi zinavyopokezana majira hata mabaharia wa kale wakaweza kupanga safari zao za Arabuni na Bara Hindi, ataona katika mpango huu hekima na rehema. Ibn Rushd ameiita hii hoja ya inaya, yaani matunzo, na ameona ndiyo iliyo karibu mno na fahamu za watu wote.

Hoja hii twaipenda, lakini hatutaki kuificha tundu iliyo nayo, kwani mwenye shaka ataiona tu. Mskochi David Hume, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kufa kwake, ameuliza hivi kwa maana: tukiona nyumba twajua ina mwashi kwa sababu tumekwisha kuwaona waashi wakijenga nyumba nyingi, lakini nani kati yetu amekwisha kuona ulimwengu ukijengwa, hata awe na kipimo? Na miaka 80 baadaye, mwaka 1859, Charles Darwin alieleza jinsi viungo vya wanyama vinavyoweza kulingana na mazingira yao kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu zilizomo humu humu duniani. Aliyekuwa ameijenga imani yake juu ya jicho la tai au shingo ya twiga peke yake, alitikisika.

Hatusemi kwamba hoja ya matunzo imevunjika. Mwenye kueleza sababu za karibu hakuondoa haja ya kuuliza kwa nini kuna sababu zozote, na kwa nini zinafuata kanuni ambazo akili ya binadamu yaweza kuzifahamu. Lakini twakiri kwamba kufananisha huleta dhana yenye nguvu, wala hakuleti yakini. Na twaonya juu ya desturi ya kumweka Mungu pale tu ambapo ilimu haijafika. Anayesema, “Jambo hili wataalamu hawakulijua, basi hapa ndipo alipo Mungu,” amempangia Mola wake chumba ambacho kila mwaka kinapunguzwa.

Iko hoja nyingine, isiyotegemea mfano wa mwashi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ndiye aliyeipanga vizuri, nasi tutaieleza kwa lugha ya nyumbani. Tuseme umemkuta mtu harusini amevaa joho zuri. Ukamwuliza, “Ni lako?” Akakujibu, “La, nimeliazima kwa jirani.” Ukamwendea jirani, akasema ameliazima kwa ami yake, na ami akasema ameliazima kwa rafiki yake. Je, ukiambiwa kwamba waazimaji hao hawana mwisho, kila mmoja wao ameazima, na hapana popote mwenye joho, utakubali? Hutakubali, hata ukiambiwa kuwa waazimaji ni elfu elfu. Kwani kuongeza waazimaji hakuleti mwenye mali. Sasa tazama kila kilichoko. Wewe uliweza usiwe. Wazazi wako waliweza wasiwe. Mnazi huu, kisiwa hiki, jua na nyota zake, hapana hata kimoja ambacho kuwako kwake kumetoka ndani yake mwenyewe. Vyote vimevaa kuwako kwa kuazima. Hapana budi basi awepo Mwenye kuwako kwa dhati yake, asiyeazima, na ambaye wote wameazima kwake.

Mwenye shaka aweza kusema: “Huenda ulimwengu wote kwa jumla ndio mwenye joho.” Naye si mpumbavu kwa kusema hivyo. Lakini azingatie mahali alipofika. Amekwisha kukubali kuwa lazima kiwepo kitu kisichotegemea kingine, na kilichobaki baina yetu naye ni kuulizana kitu hicho kina sifa gani: je, ni hiki kinachogeuka kila saa, kinachopanuka na kuchakaa, au ni kisichogeuka? Kina ilimu na matakwa, au hakina? Haya ni mazungumzo ya watu wanaosafiri njia moja, sio ugomvi wa maadui.

Hapa wengine watatuhimiza tutaje yale waliyoyavumbua wataalamu wa nyota, kwamba ulimwengu tunaouona umepanuka kwa muda wa miaka bilioni 13.8 kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa, na tuseme kuwa hapo ndipo mambo yamekwisha. Sisi twaona tuwe na adabu ya yule aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa rai hiyo. Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa kasisi, na alimwamini Muumba. Juu ya hayo, Papa alipotaka mwaka 1951 kuifanya ilimu hiyo kuwa ushahidi wa dini, Lemaître hakupendezwa, kwani alijua kwamba ilimu ya nyota hurekebishwa, na imani iliyofungwa juu yake itapelekwa huku na huku pamoja nayo.

Sasa turejee kwa kijana wetu. Baada ya majuma kadhaa tuliona haya, tukawatuma wawili miongoni mwetu wamwendee nyumbani kwao. Aliwapokea kwa heshima, akawapa kahawa, na baada ya kuombwa sana akasema lililokuwa moyoni mwake. Alisema kwamba miaka miwili nyuma alisikia katika darasa letu kisa cha Warusi waliochimba kisima kirefu, wakateremsha chombo cha kunasa sauti, wakasikia mayowe ya watu wa motoni. Alikisadiki kwa kuwa kimetoka kwetu. Alikwenda kukisimulia skulini mbele ya wenzake kama hoja isiyopingika. Mwalimu akawaeleza kwamba kisima kirefu kweli kiko, katika rasi ya Kola, na kilifika mita 12,262 mwaka 1989. Ama hayo mayowe ni uzushi ulioenezwa na magazeti na vituo vya dini vya Wakristo, kisha Waislamu nao wakauchukua. Darasa zima lilimcheka. Kijana akasema: “Nilirudi nyumbani nikajiuliza, ikiwa hili walinambia kwa yakini nalo ni uongo, ni mangapi mengine waliyonambia kwa yakini?”

Ndugu msomaji, shaka ya kijana huyu haikuletwa na Hume wala Darwin. Tuliileta sisi. Nasi hatukumdanganya kwa kusudi; tulikipenda kisa, hatukukichunguza. Wale wale ambao tukiletewa hadithi juu ya namna ya kutawadha huuliza sanadi yake, hatukuuliza sanadi ya mayowe.

Na madhara ya ushahidi wa bandia hayaishii kwenye kuchekwa. Mmisri mmoja aliyehamia Marekani, Rashad Khalifa, alitangaza mwaka 1974 kwamba ameona katika Qurani hesabu ya siri inayozunguka nambari 19, na kwamba hesabu hiyo yathibitisha kwa mashine kuwa kitabu kimetoka kwa Mungu. Waislamu wengi walifurahi, wakaieneza. Ilipoonekana kuwa aya mbili za mwisho za sura ya Tauba hazilingani na hesabu yake, hakuiacha hesabu; alizikataa aya. Kisha akadai kuwa yeye mwenyewe ni mtume. Tazama basi: ushahidi ulioletwa kukisimamisha kitabu uligeuka kuwa hakimu juu ya kitabu.

Mtume wetu ametufundisha kinyume cha hayo, nalo ni jambo tunalotaka kila mwalimu wa madrasa alihifadhi. Katika mwaka wa kumi wa Hijra alifariki mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume. Huo ulikuwa ushahidi uliokuja wenyewe, bila ya yeye kuutafuta, na katika saa ambayo moyo wa mzazi ulikuwa umejeruhiwa. Angenyamaza tu, wangalisilimu wengi kwa sababu yake. Hakunyamaza. Alisimama akawabainishia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Alikataa ushahidi wa uongo uliokuwa upande wake. Nasi twasema kwamba katika tukio hili mwenye shaka atapata la kufikiri zaidi kuliko katika visima vyote vya Urusi, kwani mtu anayeutafuta utukufu kwa uongo hawi hivi.

Yatupasa pia tukiri kwamba iko shaka isiyotoka kichwani, bali hutoka kifuani. Mama aliyemzika mwanawe mchana, akauliza usiku, “Mungu yuko wapi?”, hakuulizi juu ya Ibn Sina. Mwenye kumjibu kwa mantiki amemdhulumu. Ushahidi anaouhitaji ni jirani atakayekaa naye, atakayempikia, na atakayerudi hata baada ya matanga kwisha.

Basi lipi jawabu letu? Kama linatakiwa jambo ambalo mtu hawezi kabisa kulikataa, twasema kweli: hatunalo, wala hapana aliye nalo, na lau lingalikuwako, kusingalikuwa na maana ya mtu kuamini kwa hiari yake. Akili yaweza kumfikisha mtu mlangoni, ikamwonyesha kuwa nyumba si tupu. Kuingia ni kwake yeye. Ghazali mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, alisema kwamba hakutolewa katika shaka kwa kupanga maneno, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Lakini liko jambo lililo mikononi mwetu. Kila mmoja wetu husema kila siku kwamba anashuhudia. Neno hili ni neno la mahakamani. Na kadhi, kabla ya kupokea maneno ya shahidi, huuliza kwanza hali yake: je, ni mkweli? Je, huchunga amana? Je, amewahi kukamatwa na uongo? Akiwa si mwadilifu, ushahidi wake hurudishwa, hata ikiwa analolisema ni haki. Mwenye shaka ndiye kadhi wetu. Yeye hatazami kwanza hoja zetu. Hututazama sisi, katika mizani za maduka yetu, katika mali za mayatima zilizo chini ya mikono yetu, katika visa tunavyovieneza, na katika namna tunavyomjibu kijana anayeuliza. Huenda haki yetu imekataliwa na wengi kwa sababu ya mashahidi wake.

Tumemwomba kijana yule radhi, na aliyemkemea ndiye aliyetangulia kuomba. Tumemwambia kuwa darasa lijalo litaanza kwa swali lake, na kwamba hatutamtaka aseme analoliamini kabla ya kuwa tayari. Hakutuahidi kuja. Mahali pake penye mkeka pako wazi.